Traifo: Keki Iliyolala Inapofika Meza ya Malkia

Mwaka 2022, Uingereza ilipojiandaa kuadhimisha miaka 70 ya Malkia Elizabeth II kwenye kiti cha enzi, wananchi walialikwa kubuni kitindamlo cha sherehe hiyo. Maelfu walituma mapishi. Ungetarajia majaji, akiwamo mwandishi mashuhuri wa vitabu vya mapishi Mary Berry, wavutiwe na keki ya ghorofa iliyonakshiwa kwa sukari. Sivyo. Ushindi ulikwenda kwa Jemma Melvin, mkazi wa Southport, aliyepanga ndani ya bakuli la kioo vipande vya keki ya limau, jeli, kastadi, biskuti za lozi, sosi ya machenza na krimu juu. Kwa ufupi, alitengeneza traifo.

Waingereza wenyewe hawakushangaa sana. Traifo haikosekani Krismasi, haikosekani karamu za familia, na kwa vizazi vingi imekuwa njia ya heshima ya kumalizia keki iliyoanza kukauka. Anayeila hajui kama keki ya chini ni ya jana au ya juzi. Wala hahitaji kujua, kwa sababu keki iliyolala ndiyo inayofaa zaidi: hunywa maji ya matunda bila kuvurugika.

Haikuanza hivyo. Mwishoni mwa karne ya 16, kitabu cha Thomas Dawson kilieleza traifo kuwa ni krimu nzito iliyopashwa moto pamoja na sukari, tangawizi na maji ya waridi. Mpishi wa Lamu au Unguja angeizoea ladha hiyo upesi. Matabaka yalikuja baadaye. Katikati ya karne ya 18, Hannah Glasse aliwaelekeza wasomaji wake watandaze biskuti kwenye bakuli, wazilowanishe kwa mvinyo, wamwagie kastadi iliyopoa, kisha wafunike kwa krimu iliyopigwa ikawa povu. Umbo hilo ndilo lililobaki mpaka leo.

Hatua iliyoiingiza traifo katika nyumba za watu wa kawaida ilipigwa Birmingham mwaka 1837. Alfred Bird, mwanakemia, alikuwa na mke ambaye mwili wake haukupatana na mayai. Ili mkewe naye apate kula kastadi, Bird alibuni unga wa wanga wa mahindi usio na yai hata moja. Unga wa aina hiyo ndio unaouzwa leo katika maduka ya Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam, na kastadi ya matunda si mgeni kwenye futari za pwani. Kwa hiyo msomaji wa huku anayetaka kujaribu traifo tayari anaijua nusu ya kazi.

Nusu iliyobaki ni kusubiri. Hakuna tabaka la traifo lililo gumu kupika, na hata mtoto anaweza kukoroga jeli. Kinachoiharibu ni kumwaga tabaka la pili kabla la kwanza halijawa tayari.

Kwa watu wanane, chukua bakuli la kioo la lita mbili au mbili na nusu. Lazima liwe la kioo, maana matabaka yasiyoonekana yamefanyiwa kazi bure. Kata gramu 250 za keki ya sponji, paka jemu kati ya vipande viwili viwili, kisha vipange chini vikibanana. Waingereza huvinyunyizia mvinyo wa sheri, na Waskoti wana traifo yao ya wiski. Asiyetumia kileo anyunyizie maji ya machungwa au ya pasheni. Vijiko vikubwa sita vinatosha, kwani keki inatakiwa ilowe tu, isiogelee.

Panga matunda juu yake, kisha mwagia jeli iliyokorogwa ikapoa lakini haijaganda. Weka kwenye jokofu mpaka ukiligusa tabaka hilo kwa kidole lisinate. Hapa ndipo matunda yetu yanapoweza kumwangusha mpishi. Nanasi bichi na papai bichi, yaani yasiyopitishwa motoni, yana vimeng'enya vinavyovunja protini, na gelatini inayogandisha jeli ni protini. Ukiweka nanasi hilo, jeli itabaki maji hata ikilala jokofuni usiku kucha. Lipike kwanza kwa dakika chache, au tumia la kopo, ambalo limeshapashwa moto kiwandani.

Njia nyingine ni kutumia aga, inayotokana na mwani. Aga si protini, hivyo nanasi haliidhuru. Inamfaa pia asiyekula gelatini ya nguruwe, na haiyeyuki mezani kwenye joto la pwani kama gelatini. Tahadhari yake ni moja: huganda ingali vuguvugu, kwa hiyo imwage mapema.

Unga wa kastadi unafaa kabisa, ila kastadi ya mayai ina utamu wake. Piga viini vinne na gramu 50 za sukari na vijiko vikubwa viwili vya wanga wa mahindi. Pasha nusu lita ya maziwa yenye vanila mpaka yaanze kutoa mvuke, yamimine kidogo kidogo kwenye viini huku ukikoroga, kisha rudisha vyote kwenye sufuria juu ya moto mdogo. Usiache kukoroga, na usiepue kwa kuwa tu imekuwa nzito. Subiri mapovu mawili matatu makubwa yapasuke juu, ukoroge kwa dakika moja zaidi, ndipo uepue. Viini vibichi vina kimeng'enya kinachokula wanga, na kisipouawa na moto, kastadi iliyoganda jioni huwa uji asubuhi. Wanga huo huo huzuia mayai yasikatike, kwa hiyo usiogope mchemko mfupi.

Ikiwa tayari, igandamizie karatasi ya plastiki usoni isiote utando, iache ipoe kabisa, ndipo uimwage juu ya jeli kupitia mgongo wa kijiko. Kastadi ya moto huyeyusha jeli mara moja, rangi zikachanganyika. Mwishoni, piga mililita 300 za krimu iliyotoka kwenye jokofu, na acha kupiga pindi inapoanza kusimama. Ukiendelea, utapata siagi. Lozi zilizokaangwa zinyunyizwe dakika ya mwisho, la sivyo zitalainika.

Kuna ugomvi ambao Waingereza hawajaumaliza: je, jeli ina haki ya kuwamo? Wapenda ukale husema keki, kastadi na krimu vinatosha, na wanaye Hannah Glasse upande wao kwa pishi lile la biskuti na mvinyo. Waliolelewa na jeli nyekundu ya Krismasi hawataki kusikia. Mimi nipo na wenye jeli, kwa sababu ya uchachu. Kastadi na krimu zote ni laini na zenye mafuta, na bila kitu kichachu cha kuzikata, kijiko cha nne kinachosha.

Iandae leo kwa ajili ya kesho, ili keki ipate usiku mzima wa kunywa, na imalizwe ndani ya siku mbili. Wakati wa kupakua, mwenyeji achote wa kwanza, azamishe kijiko mpaka kigonge kioo cha chini. Wageni wataona namna ya kula, na hakuna atakayeondoka na krimu ya juu akidhani amekula traifo.