Mganga Adriano wa Karema

Sisi wa Iyula tukisikia jina la Tunduma twafikiri mara moja habari za mpakani, malori na mizigo. Lakini mbali sana, katika nchi iitwayo leo Mali, pana kijiji kando ya Mto Niger, karibu na Timbuktu, ambacho jina lake lakaribia sana hilo letu: Tundurma. Huko alizaliwa, yapata mwaka 1866, mtoto ambaye baadaye alitibu watu wa Ziwa Tanganyika kwa miaka 67. Ndiye Adriano Atiman.

Angali mdogo alikamatwa na wafanya biashara ya watumwa, akavushwa jangwa kubwa la Sahara, akauzwa. Huko Algeria Mapadre Weupe walimkomboa kwa fedha, wakamtunza na kumsomesha, na mwisho akabatizwa.

Mkubwa wa Mapadre hao, Kardinali Lavigerie, alikuwa na wazo ambalo wengi wa siku zile hawakulitegemea. Wamisionari wake walikuwa wakifa kwa homa katika nchi zetu, naye akaona kwamba Waafrika wenyewe ndio watakaoigeuza Afrika. Basi mwaka 1881 akafungua nyumba katika kisiwa cha Malta, ili vijana waliokombolewa wasome udaktari katika chuo kikuu cha huko. Mganga hupokewa katika kila nyumba, ya tajiri na ya maskini, ya Mkristo na ya asiye Mkristo. Tena hakutaka wawe mapadre. Alitaka waoe na kukaa na watu. Atiman akawa mmoja wa vijana hao.

Sasa fikiri, msomaji, ni udaktari gani waliofundishwa! Atiman alipomaliza masomo mwaka 1888, hapakuwa na daktari hata mmoja duniani aliyeweza kuthibitisha kwamba malaria huletwa na mbu. Jambo hilo lilijulikana mwaka 1897. Habari ya mbung'o na malale ilithibitishwa Uganda mwaka 1903, na aliyeithibitisha ni David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, ambaye mwaka 1887 alikuwa Malta akichunguza homa ya kisiwa kile. Penisilini ilikuwa bado kabisa: Atiman alitibu watu zaidi ya miaka hamsini kabla ya dawa hiyo kupatikana. Sisi tunaonung'unika tukikosa vidonge siku mbili, tuyakumbuke hayo.

Kutoka pwani msafara wao ulikwenda kwa miguu, na mwaka 1889 akafika Karema. Wabelgiji walikuwa wamejenga boma huko, kisha mwaka 1885 wakawaachia Mapadre. Atiman akawa daktari na katekista pamoja. Akaoa binti wa mtemi wa Wabende, jina lake Agnes, na mwana wao Yosefu akawa padre. Aliona utawala wa Wajerumani ukija na kuondoka, akaona wa Waingereza. Ndui ikapita, malale nayo ikaua watu wengi kandokando ya ziwa. Yeye hakuhama. Alifariki mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka tisini hivi.

Juzi alikuja ofisini kwangu kijana mmoja wa parokia, anataka barua ya kumtambulisha katika chuo cha uganga. Nikamwuliza, "Ukihitimu, utafanya kazi wapi?" Akajibu bila kusita, "Popote, Bwana Karani, ila si kijijini." Basi nikamsimulia habari hii yote, nikitazamia aone haya. Alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza, "Je, alikuwa analala wapi?"

Kwanza nilikasirika. Baadaye, nikiwa njiani kurudi nyumbani, nikaona kwamba kijana ameuliza vema kuliko mimi nilivyohubiri. Atiman hakutupwa Karema peke yake. Misioni ilimpokea, Wabende wakampa binti yao, naye akawa mkwe wao kabla hajawa mzee wao. Nakijua kijiji kimoja, sikitaji, ambapo paa la nyumba ya mganga lilivuja misimu miwili ya mvua, naye akiteka maji kwa zamu na wagonjwa wake. Alipoomba uhamisho, watu walisema, "Vijana wa siku hizi wanapenda mjini."

Barua ya kijana nimeiandika, na mhuri umegongwa. Masomo ya namna hiyo huchukua miaka mitatu. Kahawa ya mwaka huu ikishauzwa, nimewaomba wazee tukutane kusema habari za bati na za bomba la maji, ili akirudi tuwe na jibu la swali lake.