Mlango Mmoja, Mbao Ngapi? Hesabu ya Kumpima Seremala Masasi na Newala

Korosho zikishapita mnadani na fedha kuingia kupitia vyama vikuu vya ushirika, TANECU au MAMCU, Newala, Tandahimba na Masasi huanza msimu mwingine: kupaua, kupiga lipu, kuagiza milango. Kazi ya mwaka mzima ya seremala hujibana katika miezi michache, na mteja hana muda wa kuchunguza. Anautazama mlango ulioegemezwa nje ya karakana, unang'aa vanishi, anatoa kianzio. Vanishi ndiyo kipimo kibaya kuliko vyote. Tuanze na mbao.

Chukua mlango wa paneli wa futi 7 kwa 3, wa mbao za 2 kwa 6 zenye urefu wa futi 12. Unahitaji vipande viwili vya kusimama, kila kimoja futi 7, na vinne vya kulala. Fundi wa kwanza anakata vya kulala futi 3 kila kimoja, ili ndimi za kuungia zitokeze hadi ukingo wa nje. Ubao mmoja unampa futi 7 na futi 3. Futi 2 zinabaki bila kazi. Mbao mbili zikiisha, bado ana upungufu wa vipande viwili vya kulala. Anadai ubao wa tatu.

Fundi wa pili anachukua penseli. Kati ya vipande vya kusimama pana nafasi ya inchi 24. Akiweka ulimi wa inchi 2 na nusu kila upande, kipande cha kulala kinakuwa inchi 29. Ubao wa futi 12 ukitoa futi 7 unabakiza inchi 60, na vipande viwili vinakula 58. Inchi 2 zilizosalia zinaliwa na msumeno na usafishaji wa ncha. Mbao mbili tu, ukiacha paneli.

Hesabu hiyo inataka mbao zisizopasuka ncha. Na fundi wa kwanza anaweza kujitetea kwamba ulimi unaopenya ni imara zaidi, wala hajakosea. Umahiri ni kuijua tofauti hiyo na kumwambia mteja gharama yake kabla ya kukata.

Tuseme ubao ni shilingi 20,000. Weka bei ya kwako. Kwa mlango mmoja tofauti ni hiyo 20,000, ambayo kwa bei ya korosho iliyotangazwa na Serikali Novemba 2018, shilingi 3,300 kwa kilo, ni kilo 6 hivi. Kwa milango 10 ya shule, fundi wa pili anatumia mbao 20. Wa kwanza anatumia 25, wala si 30, maana nusu ya ule ubao wa tatu inatosha mlango unaofuata. Akikuandikia 30, muulize tano zimekwenda wapi. Ni laki moja hiyo.

Ubao huohuo wa 2 kwa 6 kwa futi 12 una futi moja kamili ya ujazo, kwa hiyo mbao 35 na ushei ni mita moja ya ujazo. Mrabaha wa misitu hutozwa kwa mita za ujazo, na fundi asiyejua kubadili vipimo hawezi kuihakiki risiti aliyopewa na muuza mbao.

Kipimo cha pili hakihitaji zaidi ya futikamba. Pima mlango kona kwa kona, pande zote mbili. Wa futi 7 kwa 3 lazima usome futi 7, inchi 7 na kama tatu ya nane, kotekote. Vipimo viwili vikipishana nusu inchi, kichwa cha mlango kimehama kama tano ya nane ya inchi. Nafasi kati ya mlango na fremu kwa kawaida ni moja ya nane tu. Utakwaruza siku ya kwanza, na fundi atasingizia mvua.

Mvua nayo ina hesabu yake. Kata kipande kidogo cha ubao, kipime kwenye mizani, kikaushe kabisa, kipime tena. Kikitoka gramu 65 hadi 50, maji yalikuwa asilimia 30 ya uzito mkavu. Mbao hizo ni mbichi. Zitasinyaa ndani ya nyumba yako.

Kwa waliojifunzia karakanani, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi iliyoundwa kwa sheria ya 1994, ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: fundi anahojiwa, anafanya kazi kwa vitendo mbele ya mtahini, anapewa cheti. Cheti kina thamani ya fedha. Ununuzi wa umma hutenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, vijana wakiwemo, na halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Lakini kikundi kinachoomba zabuni ya milango 10 bila kujua kama ni mbao 20, 25 au 30 kitakosa kazi kwa bei kubwa, au kitaipata na kula mkopo.

Kwa hiyo watahini wampe fundi karatasi kabla ya randa. Nawe mteja, kabla ya kutoa kianzio msimu huu, omba orodha ya ukataji, na mwandikiane humo humo masalia ni ya nani.