Nafasi ya Asiyependa Kuandika Msimbo katika Programu za Mashirika

Programu za mashirika, yaani zile zinazobeba hesabu, mishahara, ununuzi na kumbukumbu za taasisi nzima, huandikwa na watengenezaji programu, lakini hufaa au huharibika kutegemea kama wapo watu wanaoielewa kazi yenyewe. Kijana wa Kiogoro anayesoma Chuo Kikuu cha Kisii, naye akaona kwamba kuandika msimbo, ambao ni maagizo yanayotekelezwa na kompyuta, hakumvutii, hana sababu ya kuihama fani ya programu.

Mfano ulio wazi ni mishahara. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza makato ya mfanyakazi kuzidi theluthi mbili za mshahara wake. Mfanyakazi anayelipwa shilingi 40,000, bila marupurupu yoyote, anaweza basi kukatwa hadi shilingi 26,666. Ikiwa kodi na mikopo ya chama cha akiba tayari vimefikia 26,500, ada ya nyumba ya asilimia 1.5, ambayo kwake ni shilingi 600, inamvusha mpaka huo. Je, programu ipunguze mkopo, ikatae kufunga hesabu za mwezi, au imwarifu afisa wa mishahara? Jibu halimo katika msimbo hata kidogo, bali katika sheria, katika mkataba wa mkopo, na katika desturi ya ofisi. Anayelitafuta, akaliandika kwa lugha ambayo mhasibu na mtengenezaji programu wote wanaielewa, kisha akalijaribu kwa mifano migumu kama huu, huitwa mchambuzi wa mifumo, na kosa lake moja linaweza kumnyima mtu karo ya mtoto.

Karibu naye yupo msanidi, anayeifanya programu iliyokwisha kuandikwa ifuate taratibu za taasisi kwa kuchagua mipangilio yake. Kazi hii ilipanuka sana baada ya kampuni ya SAP kuanzishwa Ujerumani mwaka 1972 na wahandisi watano waliotoka IBM, kwa kuwa programu moja iliyouzwa kwa wengi ilihitaji kurekebishwa kwa kila mmoja. Wapo pia wajaribu programu, na wakufunzi wa watumiaji.

Hata hivyo, njia hii si maficho ya anayekimbia ugumu. Mchambuzi asiyejua uhasibu wa kuingiza kila muamala pande mbili, au asiyeweza kuiuliza hifadhidata maswali kwa lugha ya SQL, atabaki kupeleka ujumbe wa wengine. SQL ina sarufi fupi, na hujifunzwa vyema zaidi kwa kuhoji takwimu ambazo mtu anazielewa, kama vile kilo za majani mabichi ya chai, makato ya mbolea na malipo ya mwezi ya mkulima. Ndiyo maana mwanafunzi anayetafuta mafunzo ya kazini mjini Kisii hufaidika zaidi akiomba kukaa na afisa wa mishahara wakati wa kufunga mwezi, kwani hapo ndipo kila kanuni hukutana na mtu ambaye haikumtarajia.