Kabla Hujaifungia 86 Tabo

Mwaka 2012, Toyota ilipoingiza sokoni gari dogo la spoti liitwalo 86, wapenzi wengi wa magari waliulizana jambo moja: mbona halina tabo? Gari lilikuja na injini ya lita 2.0 iliyotengenezwa na Subaru, aina ya boksa, yenye silinda nne zilizolala ubavu, nguvu za farasi 200, na uzito wa kilo 1,250 hivi. Tetsuya Tada, mhandisi mkuu wa mradi, ndiye aliyeamua hivyo kwa makusudi. Alitaka gari jepesi, linaloitikia mguu wa dereva papo hapo, lisilo na tabo wala mfumo wa kuendesha magurudumu yote manne. Hata matairi, Michelin Primacy, yalikuwa ya jamii ileile iliyokuwa ikifungwa kwenye Prius, ili gari liweze kuteleza kidogo kwenye kona bila kwenda mbio za kuua mtu.

Soko halikungoja. HKS ya Japani, Vortech na Edelbrock za Marekani, pamoja na wengine, wakaanza kuuza seti kamili za supachaja kwa ajili ya gari hilo, na za tabo pia zikapatikana. Leo 86 zinashushwa bandarini Mombasa na Dar es Salaam kama magari mengine ya mtumba kutoka Japani, na kila anayenunua moja hufika siku akaanza kupiga hesabu: afunge, au aache?

Hesabu hiyo huanzia kwenye hewa. Injini ya petroli huchoma kiasi cha petroli kinacholingana na hewa iliyoingia kwenye silinda. Ukiiongeza hewa kwa nguvu, unaweza kuongeza petroli, na mlipuko unakuwa mkubwa. Tabo huzungushwa na moshi unaotoka kwenye eksozi; supachaja huzungushwa na mkanda unaotoka kwenye krenkishafti ya injini yenyewe. Wazo la tabo ni la zamani. Mswisi Alfred Büchi aliliandikisha kwa hataza mwaka 1905, miongo kadhaa kabla halijafika kwenye magari ya watu wa kawaida.

Tatizo ni joto. Hewa ya nyuzi 30 ikikandamizwa hadi mara moja na nusu ya kanieneo ya kawaida, hutoka kwenye supachaja ya wastani ikiwa imepita nyuzi 80. Ndiyo maana seti yoyote ya maana huja na intakula, yaani rejeta ya kupoza hewa hiyo kabla haijaingia kwenye injini. Isipopozwa, mchanganyiko wa hewa na petroli huwaka wenyewe katika pembe za silinda kabla moto wa plagi haujaufikia. Mafundi huita hali hiyo noki. Dereva makini huisikia kama kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo pale anapokanyaga mafuta kwenye mlima. Ikiachwa iendelee, hupasua kingo za pistoni zinazoshika ringi, na kutoka hapo injini hunywa oili hadi ifunguliwe.

Hapa ndipo 86 inapotofautiana na magari mengi yanayofungwa tabo. Injini yake inakandamiza hewa kwa uwiano wa 12.5 kwa 1, kiwango cha juu sana. Nchini Japani imepangiwa petroli ya daraja la juu, ambayo vituoni huuzwa ikiwa na oktani karibu 100. Petroli ya kawaida ya Afrika Mashariki iko chini ya hapo. Kwa maneno mengine, kiwanda kimekwisha kuitumia karibu nafasi yote iliyokuwepo kabla ya noki. Anayeongeza presha juu yake anakopa kutoka kwenye akiba ndogo.

Wa kwanza kulipa deni la namna hiyo walikuwa General Motors. Mwaka 1962 kampuni hiyo ilitoa Oldsmobile Jetfire, mojawapo ya magari mawili ya kwanza duniani kuuzwa kwa umma yakiwa na tabo. Injini ilikuwa V8 ya lita 3.5, na badala ya kupunguza mgandamizo, wahandisi waliuacha kwenye 10.25 kwa 1. Ili kuzuia noki, waliweka tangi dogo la maji yaliyochanganywa na methanoli, yaliyonyunyizwa kwenye hewa kila tabo ilipoanza kusukuma. Kwenye karatasi mpango ulikamilika. Barabarani, wenye magari walisahau kulijaza tangi lile. Likikauka, kulikuwa na vali iliyoibana tabo isisukume, na mtu akabaki na gari alilolinunua kwa ajili ya nguvu asizozipata. Magari yaliyouzwa hayakufika elfu kumi katika miaka miwili, na baadaye GM ilikubali kuziondoa tabo hizo na kufunga kabureta ya kawaida. Teknolojia yenyewe ilifanya kazi. Kilichoangusha gari ni kwamba liliitegemea nidhamu ya mwenye nalo kila siku, na mwenye gari la kwendea kazini hana nidhamu ya rubani.

Subaru wenyewe walionyesha jinsi kazi hii inavyofanywa vizuri. Kwenye WRX S4 ya mwaka 2014 walitumia injini ya ukoo uleule, lita 2.0, kipenyo cha silinda na mwendo wa pistoni milimita 86 kwa 86, lakini ikiwa na tabo. Walishusha mgandamizo hadi 10.6 kwa 1, wakabadilisha mfumo wa petroli na sehemu za ndani, na wakapata nguvu za farasi 300. Mwenye 86 anayefunga seti ya dukani anapata tabo bila mabadiliko hayo ya ndani. Kwa sababu hiyo mafundi waaminifu humshauri abaki kwenye presha ndogo, nusu baa au pungufu. Kwa wanaozifungua injini hizi mara kwa mara, konrodi ndizo zinazojulikana kukatika kwanza pale torki inapozidi. Na konrodi ikikatika, mara nyingi hutoboa bloku, na hakuna kingine cha kufanya ila kutafuta injini nyingine.

Lakini kuna swali linalopaswa kutangulia hata hilo la mgandamizo. Mwenye gari anakosa nini hasa? Wengi wanaolalamika kwamba 86 ni nzito kuondoka wanalieleza bonde lililomo kwenye torki ya injini hiyo, kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 kwa dakika, ambapo gari huonekana kama linasitasita kabla ya kupata pumzi tena. Torki ya juu kabisa, nyutonimita 205, huja ikiwa mizunguko imefika 6,400, na mjini dereva hafiki huko. Toyota ililisikia lalamiko hilo. Ilipotoa kizazi cha pili mwaka 2021, GR86, haikuongeza tabo. Iliipanua injini hadi lita 2.4, na torki ya juu, nyutonimita 250, sasa inapatikana kwenye mizunguko 3,700. Mgandamizo ukabaki uleule wa 12.5. Hilo ni jibu la watu wenye maabara na bajeti ya kiwanda, na linastahili kupewa uzito. Kwa mwenye gari la kizazi cha kwanza, manifoldi ya eksozi iliyoundwa vizuri pamoja na kupangwa upya kwa kompyuta ya injini hulijaza bonde hilo kwa sehemu kubwa, kwa gharama ndogo kuliko seti ya supachaja, na bila kuongeza hata punje ya presha.

Kuna mahali ambapo hoja ya kufunga inapata nguvu ya kweli, nako ni nyanda za juu. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takribani asilimia 17, na injini isiyo na tabo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Zile farasi 200 za kwenye karatasi zinabaki kama 165. Eldoret, iliyo juu zaidi ya mita 2,000, hali ni mbaya zaidi. Mkenya anayelalamika kwamba 86 yake haina nguvu hajidanganyi: kweli anaendesha gari lililo dhaifu kuliko lile linalosifiwa na majarida ya Ulaya. Tabo inayosimamiwa na kompyuta vizuri huweza kurudisha kilichopotea kwa kuzunguka kwa kasi zaidi, na injini isihisi mzigo unaozidi sana ule iliyoundwa kuubeba pwani.

Faida hiyo ina mtego wake, hasa kwa anayefunga supachaja. Supachaja ya mkanda haipimi mwinuko. Huzidisha hewa iliyopo kwa kiwango kilekile popote ilipo. Ikiwa inazidisha kwa moja na nusu, Nairobi injini hupata kanieneo ya karibu baa 1.2; gari lilelile, kwa mkanda uleule, likiteremka hadi Mombasa hupata baa 1.5, tena kwenye hewa ya joto na unyevu. Fundi aliyepanga kompyuta kwa kulipima gari Nairobi pekee hajawahi kuigusa ile sehemu ya ramani ya ignisheni ambayo injini itaifikia baada ya kupita Mtito Andei, njiani kwenda Mombasa. Noki hutokea hapo, kwenye barabara kuu, kiyoyozi kikiwa kimewashwa na abiria wanne ndani. Arusha na Dar es Salaam zina uhusiano huohuo, ingawa tofauti ya mwinuko ni ndogo kidogo.

Kwa hiyo, kwa wenye 86 wengi, hasa wanaoishi pwani au wanaolitegemea gari hilo hilo kila asubuhi, ushauri ulio salama ni kutoifunga. Anayetaka farasi 300 za kuaminika atazipata kwa bei nafuu zaidi akinunua gari lililozaliwa na tabo. Mazda walipounda MX-5 ya Mazdaspeed mwaka 2004, waliongeza farasi zisizofika 40 juu ya zile 142 za kawaida, na bado waliona haja ya kuimarisha klachi na sehemu nyingine zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu. Kiwanda kilichoogopa farasi 40 kinasema mengi kwa fundi anayeahidi 100 kwa wikendi moja.

Aliye nyanda za juu, mwenye gari la pili la kumfikisha kazini na injini yenye afya, anaweza kuendelea. Aanze kwa kupima mgandamizo wa kila silinda na kuangalia kama kuna inayovuja, kwa kuwa presha huanika udhaifu uliokuwa umejificha. Achague seti ya presha ndogo yenye intakula, afunge geji ya mchanganyiko wa hewa na petroli, abadilishe klachi, breki na matairi katika bajeti hiyohiyo, na awe akibadilisha oili kabla ya kilomita zilizoandikwa kwenye kitabu. Bima aijulishe kwa maandishi kabla ya kazi kuanza. Kampuni ikigundua mabadiliko hayo baada ya ajali, inaweza kukataa kulipa. Na malipo ya mwisho ya fundi yasitolewe hadi gari limeteremshwa pwani likiwa na kompyuta ndogo inayorekodi noki, limekimbizwa mchana wa jua kali kwa petroli ya kituo cha kawaida, na rekodi hizo zimesomwa na wote wawili, fundi na mwenye gari, wakiwa wamekaa meza moja.