Vibeti Saba na Mbu wa Majarubani

Mwaka 1943 studio ya Walt Disney ilitoa The Winged Scourge, filamu fupi ya katuni juu ya malaria. Vibeti saba wa hadithi ya Snow White wanamwandama mbu: wanafyeka magugu ya kandokando ya maji, wanamwaga mafuta dimbwini na kunyunyiza unga uitwao Paris green.

Kwa kumwua kiluilui, mafunzo hayo ni sahihi. Yeye huishi majini lakini huvuta hewa juu yake. Utando wa mafuta humziba pumzi. Walakini unga ule una aseniki, sumu ya binadamu pia, na filamu haisemi lolote.

Tuitazame kwa macho ya mkulima wa mpunga wa Puge, wilayani Nzega. Dimbwi la katuni halina mwenyewe; jaruba ni chakula chake, na ng'ombe hunywa papo hapo. Tena alama moja ya kwato, ikijaa mvua, yatosha kuzalisha Anofelesi, kazi ya kuwashinda hata vibeti sabini! Siku hizi kuna bakteria waitwao Bti, wauao viluilui pasipo kudhuru mpunga wala mifugo.

Mwalimu atakayeionyesha filamu hii na aisimamishe penye ule unga, awaulize wanafunzi maji yale yanaelekea wapi.