Mtoto Asiyejua Kushiba

Wazazi, mtoto mlafi mwamjua: humaliza chake, akanyemelea na cha nduguye. Huyo akikemewa hukoma. Lakini wako watoto wachache ambao hata wakichapwa hawakomi, kwani bongo zao hazipati habari kwamba tumbo limejaa.

Ugonjwa wao huitwa Prader-Willi. Mwaka 1956 waganga watatu wa Zürich, katika nchi ya Uswisi, waliueleza kwa mara ya kwanza: Andrea Prader, Alexis Labhart na Heinrich Willi. (Maskini Labhart, jina lake limeachwa njiani.) Humpata mtoto mmoja hivi katika 15,000, wa kike na wa kiume sawasawa, na katika kila taifa.

Mwanzo wake ni kinyume kabisa cha ulafi. Mtoto huzaliwa mlegevu, hulia kwa sauti ndogo, wala hana nguvu za kunyonya. Mama huhangaika kumlisha. Miaka michache ikipita njaa huamka, wala hailali tena. Mtoto huiba chakula usiku, huokota hata vya jalalani. Na hatari si unene tu. Hatapiki kwa urahisi, wala hasikii maumivu upesi kama wengine. Basi tumbo laweza kupasuka kwa kushindiliwa.

Sababu ni nini? Sehemu ndogo ya kromosomu ya 15, ile aliyopewa na baba, haipo au haifanyi kazi. Baba asilaumiwe: mara nyingi ni ajali tu, si urithi wa ukoo. Upungufu huo huharibu kazi ya haipothalamasi, sehemu ndogo chini ya ubongo itawalayo njaa. Mwaka 1995 wataalamu wa Uholanzi waliona kwamba hapo chembe za oksitosini, homoni isaidiayo shibe na utulivu, ni chache. Mwaka 2002 ikaonekana kwamba ghrelini, homoni ya njaa itokayo tumboni, imezidi mno katika damu yao.

Ndiyo maana njaa yao huandamana na wasiwasi. Mtoto huuliza swali lile lile mara ishirini. Mpango wa siku ukibadilika hupiga kelele, hujichubua ngozi. Watu humwita mkorofi!

Mwaka 2025 Marekani iliruhusu dawa ya kwanza ya kupunguza njaa hiyo, diazoksidi kolini, ingawa yaweza kupandisha sukari ya damu. Mwaka huo huo dawa nyingine ya kupuliza puani, iliyofanana na oksitosini, ilishindwa katika jaribio kubwa. Kwa hiyo msaada mkuu bado uko nyumbani: kula kwa saa zile zile, sahani iliyopimwa, na kufuli mlangoni mwa jiko na ghala. Kufuli hiyo si ukatili. Wengi hutulia wakijua kwamba hakuna cha kutafuta, na kwamba saa ya chakula itafika. Majirani nao waambiwe wasimpe kitu kwa huruma, wala bibi asimfichie ndizi katika kanga.