Hatua Ndefu Si Mbio

Katika vita vya 1914 hadi 1918, farasi wengi walioletwa Afrika Mashariki waliuawa na ugonjwa wa mbung'o. Vita vilipofika Masasi na Newala mwaka 1917, mizigo ilikuwa vichwani mwa wapagazi. Mnyama anayestahimili zaidi ni punda, ambaye ndugu zetu wa visiwani wamemzoea. Juu ya uwanda wa Makonde hakuna mito. Kwa miaka mingi akina mama waliteremka mabondeni kuchota maji. Punda aliyefundwa vyema humpunguzia mama mzigo huo.

Lakini kumfunda si kumchapa. Katika mwendo wa matiti, ulio kati ya kutembea na shoti, mguu wa mbele wa kulia huinuka pamoja na wa nyuma wa kushoto. Miguu ya nyuma ndiyo isukumayo. Basi, mahali tambarare na bila mzigo, tulegeze hatamu kidogo, tumtake hatua chache ndefu, kisha tumrudishe kwenye fupi. Akichapwa huharakisha miguu tu: vumbi huzidi, njia haipungui.

Tunawakumbusha viongozi wanaohimiza wanyama kazi vijijini: kugawa mnyama bila mafunzo ni kugawa fimbo.